Mpendwa Mhariri

Jumapili, 11 Mei

Mvua imekata. Pamba imeanza kununuliwa na mji mzima wa Bariadi unanuka magunia na dizeli. Mimi sina shamba. Nina meza moja barazani kwenye duka la vitenge la Bimdogo, kompyuta, printa inayokula karatasi, na kitabu cha mashairi nilichokichapisha mwenyewe mwaka juzi. Nakala nyingi ziko chini ya kitanda. Bimdogo, ambaye pia ndiye mwenye nyumba wangu, alinunua moja. Anasema anaisoma. Nimeiona imekunjwa chini ya mguu wa cherehani.

Leo nimepata barua pepe nne, zote zinaniita Mpendwa Mhariri. Kosa ni langu. Nilipofungua blogu ya mashairi niliandika chini yake: Mhariri, Elina Mayige. Kumbe kuna watu Dar es Salaam kazi yao ni kuokota wahariri mtandaoni. Sasa naalikwa kila siku. Hoteli imezindua bwawa la kuogelea juu ya ghorofa. Kampuni ya magodoro imepata cheti. Kuna mtu anaitwa Mkuu wa Kitengo cha Furaha ya Mteja, na ana furaha kutangaza kwamba ana furaha. Wananiambia wasomaji wangu watapenda kujua. Wasomaji wangu ni Bimdogo, kaka yangu Luhende, na mwalimu mmoja wa Maswa ambaye nadhani alishahama.

Jumatano, 14 Mei

Blenda mpya, "itabadilisha maisha". Umeme haukuwepo kutwa.

Jumamosi, 17 Mei

Luhende kaja kutoka Mwamapalala na mfuko wa michembe ya mayu. Mama yetu akikausha viazi vyake lazima kila mtoto apelekewe fungu lake, hata kama mtoto mwenyewe ana mvi.

"Mwangaluka, Mhariri!" aliita kutoka barabarani, watu wote wakageuka.

Tumeachiana ziwa, yeye mkubwa. Amepata kibarua kwenye jineri ya Nyuzi Njema, njia ya kwenda Lamadi. Pamba ikishachambuliwa na kufungwa marobota, wao wanayabeba na kuyapanga ghalani. Alikunywa chai, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, nisomee za leo."

Nikamsomea ya bwawa. Alicheka mpaka chai ikampalia. "Maji yako juu ya ghorofa, watu wanapanda kuyafuata? Sisi tunachimba chini hatuyapati. Wajibu, Mhariri. Waambie unakuja na ng'ombe."

Nikawajibu kweli, yeye akiwa ameinama begani kwangu: Asanteni kwa mwaliko. Je, mifugo inaruhusiwa? Jibu lilikuja kabla hajamaliza kikombe. Walishukuru kwa nia niliyoonesha katika huduma zao. Luhende alilirudia neno hilo mpaka alipoondoka. Nia niliyoonesha.

Alhamisi, 29 Mei

Kwa mara ya kwanza barua imetoka karibu. "Msimu wa Matumaini: Nyuzi Njema Kuvunja Rekodi." Imetiwa saini na Naila Jabiri, Afisa Mawasiliano. Jioni Luhende alipopita nikamsomea. Nilipofika kwenye "wafanyakazi wetu ni familia" akaninyooshea mkono nisimame.

"Familia gani? Mimi hata jina langu hawalijui. Wakala anatuhesabu asubuhi getini kama mbuzi, tunaingia."

"Lakini kazi ipo?"

"Kazi ipo mpaka inamwagika. Ghala limejaa. Tunapandisha marobota mpaka bati linatugusa kichwa. Tumewaambia yameinama. Wanasema lori linakuja."

Bimdogo alikuwa anafunga duka. Akamwambia, "Luhende mwanangu, kitu kikiinama usisimame upande kinakoinamia."

"Mama, pale hakuna upande mwingine," akajibu, na akacheka.

Jumanne, 3 Juni

Benki imezindua kadi ya dhahabu. Nimeandika beti mbili, nimezifuta.

Jumatatu, 9 Juni

Upepo. Nyuzi za pamba zimenasa kwenye miiba kando ya barabara yote, kama mtu aliyepita akichana nguo.

Jumatatu, 16 Juni

Luhende amekufa.

Jumapili, 22 Juni

Nimerudi mjini leo mchana. Naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa.

Jumatatu ile nilikuwa nachapa barua ya mtu anayeomba uhamisho. Hamimu, kijana aliyekuwa akibeba na Luhende, akaja barazani akiwa na pamba kwenye nyusi. Hakusalimia. "Dada Elina, funga kompyuta," alisema. Nikamwuliza kuna nini. "Funga kwanza." Nilifunga. Mpaka leo sijui kwa nini nilitii, kama vile nisingefunga lisingetokea.

Safu ya marobota iliporomoka wakiwa chini wanaanza mpya. Hamimu alirukia mlangoni. Luhende alikuwa ukutani. Robota moja watu wanne wanalisukuma kwa jasho, na yalimwangukia mengi. Walipomfikia, Hamimu alisema, alikuwa mweupe wote, macho, mdomo, masikio. Alisema hivyo mara mbili kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Hospitali sikuruhusiwa kumwona mpaka waliposafisha. Nyanjige, mke wake, aliletwa kwa pikipiki kutoka shambani na kikapu cha kuchumia bado kiko mgongoni. Hakulia. Aliniuliza kama nimempa Luhende chakula asubuhi. Nikamwambia hakupita kwangu. "Basi amekufa na njaa," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Tumemzika Mwamapalala, nyuma ya zizi, karibu na baba. Mtu wa kampuni alikuja msibani siku ya pili, mpole sana, na mchele, sukari na mafuta. Alimwita Nyanjige "mama". Baba mdogo Athanasi akamwuliza mbele ya watu, "Kijana wetu amefia kazini kwenu. Mnasemaje?"

"Mzee, tunaungana nanyi katika kipindi hiki kigumu. Ila marehemu alikuwa chini ya wakala wa vibarua."

"Wakala huyo ni nani?"

Alitaja jina. Hakuna aliyelijua. Hamimu alimjua kwa sura tu, na tangu Jumatatu simu ya wakala huyo haipatikani. Mayu alikuwa amekaa mkekani miguu imenyooka. Hakumtazama yule mtu hata mara moja. Yule mtu alipoondoka, mayu aliomba mchele ule wapewe majirani.

Jumanne, 24 Juni

Hii ndiyo imekuja leo. Nainakili yote.

"Taarifa kwa Vyombo vya Habari. Mpendwa Mhariri, natumaini u mzima wa afya. Nyuzi Njema inapenda kuufahamisha umma kwamba tarehe 16 Juni kulitokea hitilafu ya muda katika eneo la kuhifadhia mazao. Hali ilidhibitiwa haraka. Hakuna mfanyakazi wa kampuni aliyepata madhara, na uzalishaji unaendelea kama kawaida."

Nimeisoma kama ninavyosoma shairi lililonishinda. Nilizoea kuzicheka barua hizi kwa sababu zinasema sana bila kusema kitu. Hii ni fupi, na kila neno limepewa kazi. Nimemtafuta Luhende ndani yake na nimemwona. Amebanwa kati ya "hakuna mfanyakazi" na "wa kampuni". Walimfukia hapo, sisi tulirudia tu Mwamapalala.

Nimejibu: Ndugu Naila, nimepokea taarifa. Je, yupo mtu aliyefariki? Anaitwa nani? Mhariri.

Jumatano, 25 Juni

Amepiga simu. Sauti ya msichana, Kiswahili cha Dar.

"Mhariri, habari za kazi? Naila hapa, Nyuzi Njema. Nimeona swali lako. Ninyi ni gazeti au ni mtandao?"

"Mtandao," nilisema. Si uongo.

"Sawa. Sasa dada yangu, msimamo wetu ni ule ule wa kwenye taarifa."

"Taarifa haisemi kama kuna mtu amekufa."

Nyuma yake nilisikia mitambo. "Inasema hakuna mfanyakazi wetu."

"Na asiye mfanyakazi wenu?"

"Huyo si wetu kumsemea."

"Alikuwa ndani ya ghala lenu, amebeba pamba yenu. Akiwa si wenu, ni wa nani?"

"Dada, naomba nikupigie baadaye," akasema. Hakupiga.

Alhamisi, 3 Julai

Mwaliko: ziara ya wanahabari, kuona maboresho ya usalama na ghala jipya. Chakula cha mchana kitatolewa. Nimejibu kwamba nitakuja. Bimdogo anasema nikijulikana watanifunga. Nimemwuliza kwa kosa gani, akasema, "Watakutafutia."

Jumatano, 9 Julai

Nyanjige amehamia kwangu na watoto wawili. Mavuno yao yalikuwa haba na chumba kimekuwa kidogo. Natoa vitabu chini ya kitanda ili mdogo apate pa kulala.

Jumamosi, 12 Julai

Ziarani tulikuwa sita. Watano ni waandishi kweli, wana kamera na vitambulisho shingoni. Mimi nilikuwa na kalamu. Naila ni mdogo kuliko nilivyodhani, amevaa hijabu ya kijivu na viatu vyeupe vilivyoharibika kwa vumbi. Alitugawia kofia ngumu. Meneja alizungumza muda mrefu kuhusu vizima moto.

Ghala la zamani lilikuwa wazi. Sakafu imesuguliwa na ukuta wa ndani umepakwa rangi mpya, upande mmoja tu. Wenzangu walipita kwenda kwenye ghala jipya. Mimi nilibaki nimesimama kwenye rangi ile. Sikuona kitu. Nilitegemea nitaona kitu.

"Mhariri, tunaendelea huku," Naila aliniita. Halafu akaja karibu, akanitazama usoni. "Wewe ni nani kwake?"

"Ni dada yake."

Alitazama mlangoni kama meneja yupo, kisha akavua kofia yake ngumu akaishika kifuani.

"Nilikuwa nimeandika," alisema taratibu. "Niliandika mtu mmoja amefariki dunia, tunatoa pole kwa familia. Ilirudi kutoka juu imekatwa. Nikaambiwa tuma."

"Ukatuma."

"Nikatuma."

"Jina lake ulikuwa nalo?"

"Nilipewa rangi ya kofia tu. Walisema yule wa kofia nyekundu." Akaanza kulia bila sauti, kwa namna ya mtu anayejua kulia kazini. "Nambie jina."

Nikamwambia. Alilirudia vizuri, Luhende Mayige, kama mwalimu anayeita majina ya daftari la shule. Nilikuja nimejiandaa kumchukia na sasa sina pa kuiweka chuki yangu. Hilo limenikera kuliko yote.

Sikula chakula chao. Niliwaletea watoto.

Jumamosi, 19 Julai

Hakuna mwandishi aliyeandika kuhusu Luhende. Mmoja ameandika kuhusu vizima moto.

Jumatatu, 21 Julai

Naila alikuja barazani mwenyewe, kwa bajaji. Alimwamkia Bimdogo shikamoo, akakaa kwenye kiti cha wateja. Amesoma blogu yangu. Anasema yote.

"Ghala jipya linazinduliwa tarehe sita Agosti. Wanataka shairi. Nimewaambia mshairi yupo hapa hapa Bariadi."

"Umewaambia ni dada wa nani?"

"Hapana. Ila nimeongea na rasilimali watu. Ukikubali, wifi yako ataajiriwa. Ajira kweli, na kitambulisho cha kampuni. Hicho ndicho nilichoweza, dada Elina."

Nikamwambia aondoke. Aliondoka. Nyanjige alikuwa ndani ya duka, kakaa nyuma ya majora ya vitenge, amesikia kila neno.

"Umemfukuza," alisema.

"Wifi, wanataka nimsifie aliyemuua mumeo."

"Nimesikia wanachotaka." Alikuwa amempakata mdogo. "Wewe unataka waseme neno. Wakilisema, nitalipika? Luhende alipenda maneno yako, alikuwa anacheka. Mimi kicheko hicho sinacho. Nina hawa."

"Utaweza kufanya kazi mle?"

"Unadhani nitaweza nini kingine?"

Bimdogo alijifanya anapima kitambaa. Alikipima kitambaa kile kile mpaka Nyanjige alipotoka nje.

Alhamisi, 24 Julai

Nimempigia Naila. Nimekubali.

Jumapili, 27 Julai

Nimeliandika asubuhi kabla ya misa. Lilikuja upesi, jambo ambalo mashairi yangu mwenyewe hayajawahi kunifanyia. Ubeti wa kwanza ni huu:

Nyuzi Njema yavutia, Bariadi yapendeza,
Ghala jipya latulia, pamba yetu kuitunza,
Wakulima twaingia, mavuno kuyaongeza,
Familia imejaa, hapana wa kupoteza.

Mstari wa mwisho niliuweka kwa makusudi. Niliutia kama mwiba kwenye wali. Nilijiambia kwamba meneja atakapoufikia utamkwama, au walau Naila atanipigia kuomba niutoe.

Jumanne, 29 Julai

Wameupenda mstari wa mwisho kuliko yote. Wanataka urudiwe kila ubeti.

Jumatano, 6 Agosti

Turubai, viti vya plastiki, ngoma ya gobogobo, wachezaji wakirusha majembe yao juu. Mgeni rasmi alichelewa. Nilivaa kitenge alichonikopesha Bimdogo. Nilikuwa nimemwambia Mungu nikifika kwenye kipaza sauti anipe la kusema. Nilipofika niliona Nyanjige amesimama nyuma kabisa kwenye mstari wa wanawake wa jineri, amevaa aproni mpya ya bluu, kitambulisho shingoni, anakishika kwa mikono miwili.

Nikalisoma kama lilivyoandikwa. Nililisoma vizuri. Watu walianza kuitikia mstari wa mwisho kuanzia ubeti wa pili, na kufikia wa nne uwanja mzima ulikuwa unaimba: hapana wa kupoteza. Mgeni rasmi alisimama akanipa mkono. Sijawahi kupigiwa makofi hivyo.

Naila hakupiga makofi. Alikuwa anaandika.

Ijumaa, 8 Agosti

"Mpendwa Mhariri, natumaini u mzima wa afya. Tafadhali pokea taarifa ya uzinduzi wa ghala jipya la Nyuzi Njema pamoja na shairi maalumu lililotungwa na mshairi Elina Mayige wa Bariadi. Tunaamini wasomaji wako watalifurahia."

Limetumwa kwa kila mhariri aliyeko kwenye orodha yao, nami nikiwemo. Magazeti mawili yamelichapa. Redio zinalisoma. Miaka kumi natuma mashairi kwa watu hao hao na sikuwahi kujibiwa hata asante.

Jumanne, 12 Agosti

Nyanjige amerudi kazini na pamba kwenye nywele. Anafagia. Nilimwuliza ghala lipi, akasema, "Yote." Alikula, akaosha vyombo, akalala akiwa amewageukia watoto.

Alhamisi, 14 Agosti

Mayu amepiga kwa simu ya baba mdogo Athanasi. Hapendi simu. Huongea nayo kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Elina. Nimekusikia redioni."

"Ndiyo, mayu."

"Athanasi amenielezea maneno yote kwa Kisukuma. Umesema hapana wa kupoteza."

Nilianza kumweleza kuhusu Nyanjige, kazi, watoto. Alinisubiri nimalize.

"Hayo nimeyasikia. Mtoto amekula, ni vizuri. Mimi nauliza lile neno. Hapana wa kupoteza. Na mimi?"

Simu ilibaki wazi, nikawa nasikia mbuzi wa kwetu, kisha Athanasi akaichukua akasema salio linaisha.

Jumanne, 19 Agosti

Sijafungua barua pepe. Nachapa barua za watu. Nikifika kwenye "ninayo furaha" mkono unasimama.

Jumamosi, 30 Agosti

Niko Mwamapalala. Tumetangaziwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma ili wadudu wasibaki mpaka msimu ujao, na mayu alikuwa ameanza peke yake. Nilifika saa nne na basi la asubuhi, nikampigia magoti, akaitikia, akanipa jembe. Ardhi imekuwa jiwe. Mti unaushika chini kabisa, unauzungusha, unavuta kwa mgongo. Viganja vyangu vilichubuka kabla ya jua kufika utosini. Vya mayu havichubuki tena.

Jioni tukakusanya lundo, akawasha. Miti mikavu inashika haraka na inalia. Tulisimama upande upepo unakotoka. Akasema, bila kunitazama, "Haya. Sema sasa. Hapa hakuna mgeni rasmi."

"Niseme nini, mayu?"

"Msibani ulikuwa umefunga mdomo. Ulipoufungua, ukawapa wale. Sasa sema ya Luhende."

Nikajaribu. Mimi mwenye kitabu. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyokuja mbele, naapa, yalikuwa ya kwao. Kulitokea. Hali ilidhibitiwa. Tunaungana. Yalikuwa yamejipanga mlangoni, nikayasukuma, mengine yakaja, hata yale yangu ya zamani, mawingu na machozi na mauti, nayo yalisikika kama ya kampuni. Mayu aliongeza miti motoni. Hakunihimiza.

Mwishoni nikasema kwa Kisukuma, kwa maneno ya mtoto, kwa sababu ndiyo pekee yaliyokuwa hayajaguswa na mtu. Nikasema: Luhende alikwenda kazini asubuhi. Alikuwa hajala. Alipanga mizigo ya watu mpaka kwenye bati, akawaambia imeinama, hawakusikia. Ikamwangukia. Akafa.

"Eeh," mayu akaitikia, kama anavyoitikiwa mtu anayesimulia. Moto ulikuwa umeshuka na uso wake sikuuona vizuri.

"Endelea," alisema.